Bunduki Haijui Mpaka wa Mji

Mnamo tarehe 30 Machi, 1981, nje ya hoteli moja mjini Washington, kijana mmoja alichomoa bastola na kufyatua risasi 6 kumwelekea Rais Ronald Reagan wa Marekani. Rais alijeruhiwa kifuani. Msemaji wake, James Brady, alipigwa risasi ya kichwa iliyomwacha amepooza. Askari mmoja wa polisi ya Washington na mlinzi mmoja wa Rais nao pia walianguka kwa majeraha.

Wakati huo mji wa Washington ulikuwa na sheria ya bunduki iliyo kali kuliko sheria za miji karibu yote ya Marekani. Tangu mwaka 1976 baraza la mji lilikuwa limewakataza raia kuandikisha bastola mpya. Lakini bastola iliyompiga Rais haikununuliwa Washington. Ilinunuliwa mwezi Oktoba, 1980, katika duka moja la mji wa Dallas, jimbo la Texas, umbali wa zaidi ya kilomita 1,800. Na siku chache tu kabla ya kuinunua, kijana huyo alikuwa amekamatwa katika uwanja wa ndege wa Nashville, jimbo la Tennessee, akiwa na bastola 3 mzigoni. Polisi wa huko walizichukua bastola, wakamtoza faini, wakamwachilia. Naye akaenda zake Dallas, akaingia dukani, akanunua nyingine bila kuulizwa swali lililotosha kumzuia.

Kwa hiyo polisi wa Nashville walifanya kazi yao, na baraza la mji wa Washington lilikuwa limefanya kazi yake. Juu ya hayo yote, risasi 6 zilifyatuliwa. Upungufu ulikuwa kati ya mji na mji, mahali ambapo hakuna meya wala mkuu wa polisi wa mji awezaye kufika. Hapo ni mahali pa sheria ya taifa.

Mkasa huo unafaa kukumbukwa na kila anayetaka kuelewa jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la kustaajabisha. Kwa kawaida serikali za mitaa, popote duniani, hupenda kuachiwa mamlaka yao. Baraza la mji halipendi kuamriwa kutoka makao makuu namna ya kufagia masoko yake au kutoza kodi zake. Lakini katika suala la bunduki, mameya wa miji mikubwa ya Marekani wamekuwa wakienda mbele ya serikali yao kuu kwa miaka mingi, wakiomba sheria moja kali itakayoifunga nchi nzima. Kwa nini wanaomba hivyo?

Ili jawabu lieleweke, ni lazima kwanza kueleza jinsi madaraka yalivyogawanywa katika nchi hiyo. Marekani ni shirikisho la majimbo 50. Iko serikali kuu, yenye Rais na Bunge la mabaraza mawili, yaani Seneti na Baraza la Wawakilishi. Chini yake kila jimbo lina gavana wake, bunge lake na sheria zake. Na chini ya jimbo iko miji na wilaya, zenye mameya na mabaraza. Jeshi la polisi la taifa zima, kama lilivyo katika nchi nyingi za Afrika, halipo. Viko vikosi vya polisi karibu 18,000, vikubwa na vidogo, na vilivyo vingi viko chini ya miji na wilaya. Katika miji mingi meya ndiye anayemteua mkuu wa polisi, na ndiye anayeulizwa na wananchi kila asubuhi maiti inapookotwa barabarani.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mjumbe wa Seneti anaweza kukaa Washington miaka mingi pasipo kuitwa hospitalini usiku. Meya huitwa. Gari la wagonjwa ni la mji, askari anayefika wa kwanza ni wa mji, na shule inayofungwa siku ya msiba ni ya mji. Mwaka 2021 peke yake watu 48,830 walikufa kwa bunduki nchini Marekani. Zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Karibu 21,000 waliuawa na wengine. Lakini uwezo wa kuamua nani auziwe bunduki, na kwa masharti gani, kwa sehemu kubwa hauko mikononi mwa huyo anayeitwa usiku.

Basi ifuatwe bunduki moja katika safari yake. Inatengenezwa kiwandani kwa leseni, na namba yake inagongwa katika chuma. Sheria ya taifa ya mwaka 1968, iliyotiwa sahihi na Rais Lyndon Johnson baada ya kuuawa kwa Martin Luther King na Robert Kennedy mwaka huo huo, inamtaka kila muuzaji wa biashara awe na leseni na aweke kumbukumbu za kila bunduki anayoiuza. Inakataza pia kuagiza bunduki kwa posta, na inakataza muuzaji kumuuzia bastola mtu wa jimbo lingine. Mpaka hapo mambo ni safi.

Hatua ya pili ndipo inapoharibika. Mhalifu ambaye amekwisha fungwa gerezani hawezi kununua bunduki mwenyewe dukani, kwa maana jina lake litakataliwa. Hivyo anamtuma rafiki, ndugu au mwanamke wake, mtu asiye na kosa lolote katika vitabu vya polisi. Huyo anajaza fomu, anaapa kuwa bunduki ni yake, analipa, anatoka. Nje ya duka bunduki inabadilisha mikono. Anayefanya hivyo kwa biashara hununua nyingi, akazitia katika buti la gari, akaendesha usiku kutoka jimbo lenye sheria laini hadi mji wenye sheria kali, ambako bei ni kubwa kwa sababu bidhaa ni adimu. Barabara kuu inayopanda kutoka majimbo ya kusini hadi New York imepata jina la utani miongoni mwa polisi: wanaiita bomba la chuma, kwa kuwa chuma hupita humo kama maji.

Hesabu zinathibitisha. Mwaka 2016 ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo la New York ilitoa taarifa kuhusu bunduki zilizokamatwa na polisi wa jimbo hilo katika uhalifu kati ya mwaka 2010 na 2015. Asilimia 74 zilikuwa zimetoka majimbo mengine. Mji wa Chicago nao ulitoa taarifa yake mwaka 2017: karibu bunduki 6 katika kila 10 zilizofuatiliwa asili yake zilitoka nje ya jimbo la Illinois, na jimbo moja tu la jirani, Indiana, lilitoa zaidi ya 1 katika kila 5. Kutoka baadhi ya mitaa ya Chicago hadi mpaka wa Indiana ni mwendo wa dakika chache kwa gari. Hakuna kizuizi cha barabarani, hakuna forodha, wala hakuna askari wa kukagua mizigo.

Ni wazi basi kwamba baraza la mji wa Chicago likikaa na kupitisha sheria kali, sheria hiyo itasimama mwisho wa mtaa, nayo bunduki itapita. Mji ulio na sheria kali katikati ya majirani wenye sheria laini ni kama shamba lililozungushiwa ua upande mmoja.

Hakuna maisha yanayoonyesha jambo hili waziwazi kuliko ya Dianne Feinstein, aliyekuwa meya wa mji wa San Francisco katika jimbo la California. Tarehe 27 Novemba, 1978, meya wa wakati huo, George Moscone, pamoja na mjumbe wa baraza la mji, Harvey Milk, walipigwa risasi na kuuawa ndani ya jengo la baraza lenyewe. Muuaji alikuwa mjumbe wa zamani wa baraza hilo, naye aliwahi kuwa askari polisi. Bibi Feinstein, aliyekuwa akiongoza vikao vya baraza, ndiye aliyeukuta mwili wa Milk, na ndiye aliyetoka kuwatangazia wananchi msiba huo. Akashika umeya.

Mwaka 1982 alitia sahihi sheria ya mji iliyokataza raia kuwa na bastola. Sheria hiyo haikudumu. Mahakama ya jimbo la California iliitangua, ikisema kwamba suala hilo ni la jimbo na mji hauna mamlaka nalo.

Jimbo nalo likachukua hatua mwaka 1989, likapiga marufuku aina kadha wa kadha za silaha zinazofanana na za kivita. Lakini tarehe 1 Julai, 1993, mtu mmoja aliingia katika jengo la ofisi mjini San Francisco akiwa na bastola zenye magazini za risasi nyingi, za namna ile ile iliyokatazwa na jimbo, akaua watu 8. Alikuwa amezinunua katika jimbo jirani la Nevada. Kwa hiyo sheria ya mji ilikuwa imeshindwa mahakamani, na sheria ya jimbo ikashindwa mpakani.

Wakati huo Feinstein alikuwa amekwisha chaguliwa kuingia Seneti. Huko ndiko alikoongoza kutungwa kwa sheria ya taifa ya kukataza kutengeneza na kuuza silaha za namna hiyo, iliyotiwa sahihi na Rais Bill Clinton tarehe 13 Septemba, 1994. Mwaka mmoja kabla yake, mwezi Novemba, 1993, ilikuwa imepitishwa sheria iliyopewa jina la James Brady, ya kutaka kila mnunuzi achunguzwe kabla ya kuuziwa bunduki na muuzaji mwenye leseni. Msaada mkubwa wa kuzipitisha sheria hizo ulitoka kwa mameya na wakuu wa polisi wa miji. Lakini ile ya mwaka 1994 iliwekewa muda wa miaka 10 tu. Ilipofika tarehe 13 Septemba, 2004, Bunge halikuiongezea muda, ikafa.

Mwaka 2006 meya wa New York, Michael Bloomberg, na meya wa Boston, Thomas Menino, waliwaita wenzao na kuunda umoja wa mameya dhidi ya bunduki haramu. Walianza wakiwa 15. Baada ya miaka michache walihesabiwa kwa mamia, wa miji mikubwa na midogo. Mwaka huo huo mji wa New York ulifanya jambo ambalo halikuwa la kawaida. Ulituma wapelelezi wake, wakiwa na kamera zilizofichwa, katika maduka ya bunduki ya majimbo ya mbali kama Georgia, Virginia na Ohio. Mpelelezi mmoja alichagua bunduki na kuulizia bei. Wa pili, ambaye hakuwa na habari yoyote na silaha hiyo, alijitokeza kujaza fomu. Muuzaji mwaminifu angekataa papo hapo. Wauzaji kadhaa hawakukataa, na mji ukawashitaki. Wengi wao walikubali kuwekwa chini ya usimamizi wa mahakama. Ingawa hivyo, wengine waliuliza kama mji mmoja una haki ya kufanya upelelezi katika majimbo yasiyo yake. Swali hilo lenyewe ni ushahidi: mji ulilazimika kwenda mbali kiasi hicho kwa sababu mkono wa taifa ulikuwa mfupi.

Liko pia suala la kufuatilia bunduki, nalo linawahusu hasa askari polisi. Bunduki inapookotwa penye mauaji, askari husoma namba yake na kuipeleka katika kituo cha taifa cha ufuatiliaji kilichoko Martinsburg, jimbo la West Virginia. Mtu wa nje angedhani kwamba huko namba inaingizwa katika mashine na jina la mwenye bunduki linatokea mara moja. Sivyo. Sheria ya taifa ya mwaka 1986 inakataza kuwepo kwa daftari la nchi nzima la wenye bunduki. Wafanyakazi wa kituo humpigia simu mtengenezaji, kisha muuzaji wa jumla, kisha mwenye duka. Kama duka limekwisha fungwa, hufukua kumbukumbu zake katika shehena za karatasi na picha zake, ukurasa baada ya ukurasa, maana hairuhusiwi kuzitafuta kwa jina. Tena tangu mwaka 2003 Bunge liliweka masharti ya kubana matumizi ya habari zinazopatikana katika ufuatiliaji huo. Mameya waliyapinga masharti hayo kwa nguvu, wakidai kwamba polisi wa mji mmoja hawawezi kuliona bomba zima iwapo kila mmoja anaonyeshwa kipande chake tu.

Mbali na Bunge la taifa, mameya wana kikwazo kingine kilicho karibu zaidi, nacho ni majimbo yao wenyewe. Majimbo zaidi ya 40 yana sheria zinazokataza miji kutunga sheria za bunduki zilizo kali kuliko za jimbo, au zinazobana sana uwezo huo. Jimbo la Florida lilifika mbali zaidi mwaka 2011: kiongozi wa mji anayepitisha sheria kama hiyo aweza kutozwa faini ya hadi dola 5,000 kutoka mfukoni mwake na kuondolewa madarakani na gavana. Baada ya wanafunzi na walimu 17 kuuawa katika shule moja ya Parkland tarehe 14 Februari, 2018, miji kadhaa ya Florida ilikwenda mahakamani kupinga adhabu hizo. Mwezi Januari, 2023, mahakama kuu ya jimbo iliamua kwamba adhabu zibaki.

Halafu ziko mahakama za taifa. Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2008 iliitangua sheria ya mji wa Washington ya mwaka 1976, na mwaka 2010 ikaitangua ya Chicago, kwa hoja kwamba Katiba, katika kifungu kilichoongezwa mwaka 1791, inampa kila raia haki ya kuwa na silaha nyumbani kwake kwa kujilinda. Tarehe 23 Juni, 2022, mahakama hiyo hiyo ikatangua masharti ya New York ya kubeba bastola hadharani, ambayo asili yake ilikuwa mwaka 1911. Kwa hiyo meya anazuiwa na jimbo, na anapoachwa na jimbo anaweza kuzuiwa na mahakama.

Haki inadai upande wa pili nao usikilizwe, kwa kuwa serikali za mitaa za Marekani hazisemi kwa sauti moja. Katika wilaya za mashamba, ambako mtu akipiga simu ya polisi huenda akasubiri saa nzima, bunduki huonwa kuwa kama panga au shoka: chombo cha nyumbani, cha kuwindia na cha kujilindia. Wakuu wa polisi wa wilaya mbili, mmoja wa Montana na mwingine wa Arizona, waliishitaki serikali kuu juu ya sheria ya Brady. Mwaka 1997 walishinda, mahakama ikisema kwamba serikali kuu haina ruhusa ya kuwalazimisha maofisa wa wilaya kuitekelezea kazi zake. Mwishoni mwa mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020, zaidi ya wilaya na miji 100 ya jimbo la Virginia ilipitisha maazimio ya kupinga sheria mpya za bunduki. Hoja yao ni kwamba mwananchi mwema asiadhibiwe kwa kosa la mhalifu wa mji wa mbali, na kwamba mhalifu haogopi sheria.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na mameya wenyewe hawakuipuuza. Wengi wao hawakuomba mkulima anyang'anywe bunduki yake. Maombi yao yalikuwa matatu. Kwanza, kila anayenunua bunduki achunguzwe, awe amenunua dukani au kwa mtu binafsi. Pili, kumnunulia mhalifu bunduki na kusafirisha bunduki kwa magendo yawe makosa makubwa yanayojitegemea katika sheria ya taifa. Tatu, habari za bunduki zilizokamatwa zifike kwa polisi wote. Mwezi Agosti, 1919 hazikuwepo bado silaha za kuua umati kwa sekunde chache mikononi mwa raia kwa wingi. Mwezi Agosti, 2019, tarehe 3 na tarehe 4, watu 23 waliuawa katika duka moja mjini El Paso, Texas, na wengine 9 mjini Dayton, Ohio, yote katika muda usiozidi saa 24. Ndipo mameya zaidi ya 200, wa vyama vyote viwili, walipoliandikia Seneti barua moja wakilitaka lipitishe sheria ya uchunguzi ambayo Baraza la Wawakilishi lilikuwa limekwisha ipitisha mwezi Februari. Seneti halikuipitisha.

Jawabu lilikuja kwa sehemu mwaka 2022, nalo lilitanguliwa na msiba mwingine. Tarehe 24 Mei watoto 19 na walimu 2 waliuawa katika shule ya msingi ya Uvalde, Texas. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 25 Juni, Rais Joe Biden alitia sahihi sheria iliyokuwa imeungwa mkono na wajumbe wa vyama vyote viwili. Kwa mara ya kwanza kumnunulia bunduki mtu asiyeruhusiwa, na kusafirisha bunduki kwa magendo, vikawa makosa yanayojitegemea katika sheria ya taifa, yenye kifungo cha hadi miaka 15. Wanunuzi wenye umri wa chini ya miaka 21 wakawekewa uchunguzi wa ziada. Ombi la kwanza, la kuchunguza kila mauzo, halikutimizwa. Lakini ombi la pili, ambalo mameya walilipigania tangu siku za wapelelezi wa New York, liliingia katika vitabu vya sheria.

Jirani wa Marekani upande wa kaskazini, yaani Kanada, anatoa funzo la namna yake. Tarehe 22 Julai, 2018, mtu mmoja aliwapiga risasi watu katika mtaa wa Danforth mjini Toronto, akaua 2 na kujeruhi 13. Siku mbili baadaye baraza la mji huo, kwa kura 41 dhidi ya 4, liliitaka serikali kuu ikataze uuzaji wa bastola katika mji. Mwezi uliofuata baraza la Montreal nalo lilidai marufuku ya nchi nzima. Mwaka 2021 serikali kuu ilileta muswada wa kuwapa wenye miji mamlaka ya kukataza bastola kila mmoja kwake. Mtu angetazamia shangwe. Badala yake baadhi yao, akiwemo meya wa Montreal, Valérie Plante, walisema hapana: mamlaka hayo hayana faida ikiwa mji wa pili utaruhusu kile ambacho wa kwanza amekikataza. Muswada huo haukufika mwisho. Tarehe 21 Oktoba, 2022, serikali kuu ilisimamisha ununuzi na uuzaji wa bastola miongoni mwa raia katika nchi nzima, na mwezi Desemba, 2023, hatua hiyo ikatiwa nguvu na sheria ya Bunge. Hapo palionekana viongozi wa mji wakipewa madaraka na kuyarudisha, kwa sababu walijua kwamba hayatawalinda watu wao.

Mambo haya ya ng'ambo si mageni kwa askari wa Uganda. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, askari wa kambi ya Moroto walikimbia na kuacha ghala ya silaha bila mlinzi. Ghala ikavunjwa, na bunduki nyingi zikaingia mikononi mwa wafugaji wa Karamoja. Tangu hapo uvamizi wa mifugo ambao zamani ulifanywa kwa mikuki ukawa unafanywa kwa risasi. Mwezi Desemba, 2001, serikali ilianza kuzikusanya bunduki hizo kwa hiari, na karibu 10,000 zilirudishwa. Lakini mwaka uliofuata askari wengi walihamishwa kwenda kupigana na waasi wa LRA. Waliokuwa wamesalimisha bunduki zao wakabaki bila kinga mbele ya majirani ambao hawakusalimisha zao, wa ndani na wa ng'ambo ya mpaka. Ng'ombe wao wakachukuliwa, nao wakarudi kutafuta bunduki nyingine. Kazi ikalazimika kuanza upya mwaka 2006, na tena mwaka 2021 katika operesheni iliyoitwa Usalama kwa Wote.

Mzee wa kijiji cha Karamoja na meya wa Chicago hawajapata kukutana, lakini tatizo lao ni moja. Anayeweka silaha chini peke yake, huku jirani yake ameshika, hajapata amani. Ndiyo maana tarehe 21 Aprili, 2004, mataifa ya Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Uganda ikiwa mojawapo, yalitia sahihi Itifaki ya Nairobi juu ya silaha ndogo ndogo. Itifaki hiyo inayataka mataifa yote yaliyoshiriki yagonge alama katika kila silaha, yaweke kumbukumbu, yapeane habari, na yawakatalie raia kabisa bunduki za rashasha na nyingine za namna ya kivita. Kile ambacho mameya wanaliomba taifa lao, ndicho ambacho mataifa haya yaliombana.

Liko hata hivyo jambo moja ambalo hakuna sheria ya taifa wala itifaki ya mataifa iwezayo kulifanya peke yake. Itifaki haisomi namba ya bunduki. Anayeisoma ni askari aliyeiokota. Bunge halihesabu risasi jioni. Anayezihesabu ni mtunza ghala. Bunduki inayotoka ghalani pasipo kuandikwa imekwisha anza safari kama ile ya kutoka Dallas, na hakuna ajuaye itaishia katika mji gani. Tena mwenyekiti wa baraza la kijiji ndiye anayejua ni nyumba gani imeingia mgeni mwenye mzigo mrefu. Askari anayemheshimu mwenyekiti huyo ataambiwa mapema. Anayemdharau atafika wakati wa kubeba maiti.

Serikali za mitaa zinapoomba sheria kali ya taifa haziombi kuondolewa wajibu wao. Zinakiri kwamba ulinzi wa mji mmoja hauanzii katika mji huo peke yake. Na askari wa kituo cha mbali kabisa, anapoiandika namba ya bunduki moja kwa usahihi katika daftari lake, analinda watu wa mahali ambapo pengine hatafika maisha yake yote.